Kompyuta Moja, Vioo Viwili: Faida Yake na Adabu Yake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaona si mahali pake katika gazeti la dini. Jambo lenyewe ni kompyuta ya mezani kuwekewa vioo viwili, au zaidi ya viwili, badala ya kioo kimoja. Vijana hukiita skrini au monita. Sisi tutasema kioo, kama wasemavyo mafundi wetu, nacho ni kile kibao tunachotazamia maandishi na picha, wala si lile sanduku la mashine lenyewe.

Sababu ya kulitaja ni kwamba jambo hili limekwisha kuingia majumbani mwetu. Hapa Chimwaga, kando ya mji wa Dodoma, palipokuwa na jumba la mikutano mikuu ya Chama Cha Mapinduzi, ndipo kilipoanzia Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na katika masomo yake mna sayansi za kompyuta. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, ofisi zimeongezeka na kazi za kompyuta zimeongezeka pamoja nazo. Basi mzee aliyeishi maisha yake kwa mtama, mifugo na zabibu, leo amo nyumba moja na mwanawe au mjukuu wake anayeandika programu, anayetunza hesabu au anayepanga vitabu kwa ajili ya kupigwa chapa. Kijana huyo aja kwa mzee wake akisema, "Baba, nahitaji kioo cha pili." Naye mzee hujibu, "Mwanangu, kichwa chako kimoja na macho yako mawili. Vioo viwili ni vya nini? Hicho kimoja umekwisha kukimaliza?"

Swali la mzee si la ujinga, nalo lastahili jawabu. Jawabu letu, kwa ufupi, ni hili: kioo cha pili ni chombo cha kulinganisha. Penye kazi ya kulinganisha kitu na kitu, ni chombo chema chenye kuleta usahihi. Na pasipo na kazi hiyo, ni mapambo ya meza, na mara nyingi ni mlango wa kupotezea wakati. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza, kisha tutaonyesha namna ya kukiunga, ili mwenye haja nacho asipoteze fedha zake bure.

KULINGANISHA NI KAZI YA KALE KATIKA ELIMU YETU

Waislamu hatukungoja kompyuta ndipo tujue faida ya kuweka maandishi mawili mbele ya macho kwa wakati mmoja. Yeyote aliyekaa darasani kwa masheikh amekwisha kuviona vile vitabu vya zamani vilivyopigwa chapa Misri na Bara Hindi. Ukurasa mmoja una matini katikati, sherehe yake imeizunguka, na pembeni kabisa mna hashiya ya mwanachuoni mwingine. Tafsiri ya Jalalayni, iliyoanzwa na Imamu Jalaluddin Al-Mahalli na kutimizwa na mwanafunzi wake Imamu Jalaluddin As-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, imechapwa mara nyingi kwa mpango kama huo. Jicho la msomaji latoka katika neno na kwenda kwenye maana yake, kisha larudi, bila ya mkono kufunua kitabu cha pili. Na pale ambapo vitabu vilikuwa viwili, mwalimu aliweka kimoja juu ya marfaa na kingine gotini.

Hata kazi ya kunakili vitabu ilikuwa na kanuni yake, nayo ni kukabilisha nakala na asili yake. Mmoja husoma katika asili kwa sauti, na wa pili hufuata katika nakala, neno kwa neno, na nakala isiyokabilishwa haikutegemewa. Na juu ya hayo yote tuna mfano ulio bora kuliko mifano yote. Imesimuliwa katika hadithi sahihi kuwa Jibrili (A.S.) alikuwa akiidurusu Qur'ani pamoja na Mtume (S.A.W.) katika kila Ramadhani, na katika mwaka wake wa mwisho waliidurusu mara mbili. Ikiwa wahyi wenyewe, uliohifadhiwa na Mola, ulidurusiwa na kukabilishwa, je, sisi tunaoandika kwa vidole vinavyoteleza, tuna hoja gani ya kuacha kukabilisha?

MADHARA YA NUKTA NDOGO

Tuseme jambo lililotufikia wenyewe. Kililetwa madrasani kwetu kijitabu cha sura fupi kwa ajili ya watoto, kimepigwa chapa vizuri, karatasi nyeupe, jalada la rangi. Hatutaji kilikotoka. Mtoto wa miaka saba, hodari wa kusoma, alisoma Alhamdu kama alivyoiona humo, na katika neno "an'amta" akatia dhamma mahali pa fataha, akasema "an'amtu". Bibi yake, asiyejua kuandika jina lake lakini amehifadhi sura zake tangu utotoni, alimkatiza papo hapo. Mtoto naye, kwa adabu, akamwonyesha kitabu: "Bibi, ndivyo ilivyoandikwa."

Na kweli ndivyo ilivyoandikwa. Tofauti ya alama hizo mbili, kwa ukubwa, haizidi tofauti ya mchwa na siafu. Lakini kwa maana ni tofauti ya mbingu na ardhi. Kwa fataha, mja anamwambia Mola wake kuwa Yeye ndiye aliyeneemesha. Kwa dhamma, mja anajinasibishia mwenyewe neema hiyo. Wanavyuoni wa fiqhi wameitaja herufi hii hasa katika mlango wa makosa yanayobatilisha Alhamdu, na Alhamdu ni nguzo ya sala. Basi tazama: aliyeandika hakukusudia ubaya, mpiga chapa alipiga alicholetewa, mzazi alinunua kwa nia njema, na mtoto akahifadhi kosa. Lau si bibi yule, pengine mtoto angelichukua kosa hilo hata uzeeni, na kuwafundisha wanawe.

Makosa ya namna hii huingia kwa njia ipi? Mara nyingi huingia kwa mwandishi mwenye kioo kimoja. Hufungua msahafu kwenye kompyuta, akatazama aya, kisha akaufunika msahafu kwa ukurasa wa kuandikia, akaandika yale aliyoyabeba kichwani. Baina ya kufunika na kufunua ndipo jicho husahau na kidole huteleza. Lakini akiwa na vioo viwili, asili hukaa wazi katika kioo kimoja muda wote, na nakala hukaa katika kioo cha pili, na jicho huhukumu baina ya hivyo viwili. Katika kazi hii, Msahafu wa Madina, ulioandikwa kwa hati ya khatati Uthman Taha na kuchapishwa na Jumba la Mfalme Fahd lililofunguliwa mwaka 1984, wafaa sana kuwa asili, kwa kuwa una kurasa 604, kila ukurasa una mistari 15 isipokuwa kurasa chache, na kila ukurasa humalizikia mwisho wa aya. Ni wepesi kujua umefika wapi na umebakiza nini.

Kadhalika mwenye kusoma tafsiri. Huweza kuweka aya ya Kiarabu kioo cha kulia, na kioo cha kushoto akaweka Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapishwa kamili mwaka 1969, akaona neno la Kiswahili lilivyosimama mkabala wa neno la Kiarabu.

Wala faida si ya walimu peke yao. Mtunza hesabu huweka risiti kioo kimoja na daftari kioo cha pili. Daktari wa picha za mionzi huweka picha ya leo mkabala na picha ya miezi iliyopita, aone uvimbe umekua au umepungua. Mwenye kuandika programu huiandika upande mmoja na kuitazama inavyofanya kazi upande wa pili. Wote hao kazi yao ni moja: wanalinganisha. Naye Al-Bayhaqi amepokea kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) hadithi ambayo maana yake ni kuwa Mwenyezi Mungu hupenda mmoja wetu anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Chombo chenye kumsaidia mtu kuukaribia ukamilifu huo si israfu.

NAMNA YA KUUNGA KIOO CHA PILI

Jambo hili lenyewe si geni. Kompyuta ya Macintosh II, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa tayari yaweza kutumia vioo zaidi ya kimoja, na programu ya Windows 98, iliyotoka mwaka 1998, ililileta kwa watu wa kawaida. Zamani zile vioo vilikuwa vizito kama mizigo ya gunia, na meza nyingi zisingevibeba viwili. Leo kioo ni chembamba, na mtu huweza kukipata kilichotumika kwa bei nafuu katika maduka ya mjini Dodoma au Kariakoo. Basi mwenye nia na afuate hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, tazama nyuma ya sanduku la kompyuta kabla hujatoa fedha yoyote. Utaona matundu ya kuchomekea waya wa kioo. Tundu la VGA, la tangu mwaka 1987, lina vitundu 15 katika safu tatu, na mara nyingi rangi yake ni ya buluu. La DVI, la mwaka 1999, ni pana, na mara nyingi ni jeupe. La HDMI, ambalo kanuni yake ilitolewa mwaka 2002, ni bapa na pembe zake mbili za chini zimepunguzwa. La DisplayPort, la mwaka 2006, lafanana na la HDMI, ila limekatwa pembe moja tu. Hesabu matundu hayo, uyaandike kwenye karatasi, kisha utazame na matundu ya kioo unachotaka kununua. Wengi hununua kwanza na kuhesabu baadaye, nao ndio warudio dukani wakigombana na muuzaji.

Pili, angalia kama mashine yako imetiwa kadi ya picha. Alama yake ni kwamba matundu ya vioo yatakuwa mahali pawili: mengine karibu na matundu ya USB, na mengine yamepangwa peke yake upande wa chini. Hayo ya chini ndiyo ya kadi. Ikiwa kadi ipo, chomeka vioo vyote viwili katika kadi, kwani katika mashine nyingi yale matundu ya juu huzimwa kadi inapotiwa. Watu wengi wamedhani kioo chao kibovu, kumbe wamekichomeka katika tundu lililolala.

Tatu, tahadhari na vitu viwili vya dukani. Cha kwanza ni kigawanya, yaani kifaa chenye kuingiza waya mmoja na kutoa miwili. Hicho hutoa picha ile ile katika vioo vyote viwili. Chafaa msikitini wakati wa mhadhara, watu wa nyuma wapate kuona, wala hakifai kwa kazi tunayoisema. Cha pili ni adapta ya kubadili namna ya tundu. Adapta nyingi huenda upande mmoja tu: ile ya kutoa DisplayPort kuingia HDMI kwa kawaida haifanyi kazi ukiigeuza. Na ya kutoa HDMI kuingia VGA lazima iwe na kigeuzi cha umeme ndani yake. Waya mtupu hautoshi. Mweleze muuzaji waziwazi kompyuta ina tundu gani na kioo kina tundu gani, na umwombe akijaribu mbele yako.

Nne, zima mashine na vioo, kisha unga waya. Waya wa VGA na DVI una skrubu mbili za kukaza. Zikaze kwa vidole, usitumie nguvu. Kisha washa vioo kwanza na mashine baadaye. Kioo kikisema hakioni kitu, tumia vifungo vyake ukichagulie tundu ulilolichomeka, kwani kioo chenye matundu mawili huenda kinasikiliza lile lisilo na waya.

Tano, katika mashine ya Windows bonyeza kifungo chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Yatatokea maneno manne ya kuchagua. Neno Duplicate maana yake ni kurudia picha ile ile. Neno Extend maana yake ni kutandaza, yaani kioo cha pili kiwe nyongeza ya cha kwanza, kama jamvi la pili lililotandikwa kando ya la kwanza. Chagua hilo la kutandaza.

Sita, ingia katika Settings, kisha System, kisha Display. Utaona viboksi viwili vyenye namba 1 na 2. Bonyeza neno Identify, na namba zitatokea kubwa katika vioo vyenyewe. Ikiwa kioo cha pili kiko kushoto kwako mezani lakini kiboksi chake kiko kulia, kishike kwa kipanya ukivute upande wa kushoto. La sivyo kipanya chako kitakuwa chaelekea mashariki na wewe wataka magharibi. Hapo hapo ndipo pa kuchagua kipi kiwe kioo kikuu, na pa kuchagua ukubwa wa picha. Acha ule ulioandikwa kuwa ndio unaopendekezwa, ambao kwa vioo vingi ni 1920 kwa 1080, maana ukiubadili herufi hufifia, na harakati za Kiarabu ndizo za kwanza kupotea.

Saba, jifunze njia ya mkato moja tu kwa kuanzia: alama ya Windows, pamoja na Shift, pamoja na mshale wa kulia au wa kushoto. Hiyo huhamisha ukurasa kutoka kioo kimoja hadi cha pili mara moja. Wanaotumia Linux au Macintosh nao watakuta mpango kama huo huo katika mlango wa vioo wa mashine zao.

MEZA, MACHO NA UMEME

Mwili nao una haki yake. Ikiwa kazi yako yatumia kioo kimoja zaidi, kiweke hicho mbele ya uso wako sawasawa, na cha pili kando yake kimeinama kidogo kukuelekea. Ikiwa vyote viwili vyatumika sawa, viweke vikutane mbele ya pua yako. Usiweke kioo kikuu pembeni, kwani shingo itageuka upande mmoja kutwa nzima, na jioni utalia maumivu bila kujua sababu. Umbali uwe kiasi cha urefu wa mkono, na ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Mwangaza wa vioo vyote ufanane. Kimoja kikiwa chenye kung'aa na kingine hafifu, macho huchoka haraka. Na kila baada ya dakika 20 tazama nje, mbali, walau kwa muda mfupi.

Vioo visielekee dirishani. Jua la Dodoma ni kali, na kioo chenye kupigwa na jua hakisomeki. Vumbi nalo lajulikana: kuanzia Mei hata Novemba mvua ni haba, na pepo za kiangazi huleta vumbi jekundu katika kila kitu. Funika vioo kwa kitambaa chepesi usiku, vikiwa vimezimwa na kupoa, na uvifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji kidogo, wala usitumie spiriti.

Juu ya umeme, wazazi wasiogope kupita kiasi. Kioo chembamba cha LED cha inchi 22 hula kiasi cha wati 20. Kikiwashwa saa 4 kila siku, kwa siku 30 kitakula yuniti 2.4 za LUKU. Si bure, lakini si mzigo. Lililo muhimu zaidi ni kuwa na betri ya akiba ya UPS, ili umeme ukikatika ghafla kazi isipotee. Nayo iwe na uwezo wa kubeba mashine pamoja na vioo vyote viwili. Na kioo kilichokufa kisitupwe jalalani wala kisivunjwe na watoto, maana vioo bapa vya zamani, kabla ya LED, vina taa ndogo zenye zebaki ndani yake, nayo ni sumu.

ADABU YA VIOO VIWILI

Sasa twarejea kwenye hofu ya wazee. Wahenga wamesema, mshika mawili moja humponyoka, na wamesema tena kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Maneno hayo ni kweli, wala hayapingani na tuliyoyasema. Fisi hakushindwa kwa kuwa njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa kuwa alitaka vitu viwili. Lau angelitaka kitu kimoja, njia mbili zisingelimdhuru. Nasi katika Sura ya Al-Ahzab tumefundishwa kwamba mwanadamu hakupewa nyoyo mbili kifuani mwake. Basi kijana anaweza kuwa na vioo viwili, lakini kazi lazima iwe moja. Msahafu upande huu na nakala upande ule, hiyo ni kazi moja. Hesabu za mwajiri upande huu na mpira wa Simba na Yanga upande ule, hizo ni kazi mbili, na moja yao itaponyoka. Nayo kwa kawaida haiponyoki ile ya mpira.

Mwenye kuajiriwa na akumbuke kuwa saa anazolipwa ni amana. Kioo cha pili kilichogeuzwa kuwa cha soga na michezo katika saa za kazi chala haki ya mtu, hata ikiwa bwana mkubwa hajui. Na mwanafunzi aliyewaomba wazazi wake fedha kwa jina la masomo, kisha akakifanya kioo kuwa cha sinema, amekula haki ya wazazi wake.

Kwa wazazi, twashauri mambo matatu. La kwanza, kabla ya kununua, mwulize kijana: "Utakuwa ukilinganisha nini na nini?" Akijibu kwa maneno yaliyo wazi, haja yake ni ya kweli. Akibabaika, au akisema wenzake wote wanacho, mwambie angoje. La pili, kompyuta iwekwe mahali pa wazi katika nyumba, watu wapitapo, wala isifichwe chumbani nyuma ya mlango uliofungwa. Vioo viwili vyaficha zaidi kuliko kimoja, kwani mmoja waweza kuwa wa kazi na wa pili wa jambo jingine. La tatu, kioo kisinunuliwe kwa mkopo wa riba, wala kisitangulie ada ya shule, dawa, na chakula cha nyumbani.

Na kwa vijana wetu twaongeza hili. Adhana ikisikika, bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi L. Vioo vyote hufungwa kwa mara moja, na kazi yako yakungoja palepale ulipoiacha. Hakuna aliyewahi kupoteza ukurasa wake kwa kuinuka kwenda kuswali. Ama walio na ujuzi wa mashine hizi, ambao kwa neema ya Mwenyezi Mungu sasa ni wengi hapa Chimwaga, na watoe zaka ya elimu yao: waende katika madrasa zilizo karibu nao, wawasaidie walimu kuunga kioo cha pili, hata kiwe kikuukuu, na wakae nao siku moja kukabilisha karatasi wanazowapa watoto. Na mwalimu naye asione haya kufundishwa na aliye mdogo kwake, kwani elimu huchotwa popote ilipo.

Mwisho, ndugu wasomaji, isidhaniwe kuwa kioo cha pili chamtoa mtu katika haja ya mtu mwenziwe. Ukishamaliza kukabilisha kwa macho, mpe nakala yako hafidhi mmoja aisome kwa sauti nawe ufuate katika asili, kama walivyofanya waliotutangulia, ndipo uipeleke kwa mpiga chapa. Mashine husaidia jicho. Lakini dhamana ya neno la Mwenyezi Mungu mbele ya watoto wa Kiislamu iko juu ya shingo zetu, si juu ya mashine.

Twamwomba Mola atupe usahihi katika kazi zetu, ikhlasi katika nia zetu, na manufaa katika vyombo alivyotujaalia. Wabillahi taufiki.